Mhusika wa klasi mbili akivuruga meza: dalili, chanzo na dawa

"Yaya, bote banapiga mara mbili, miye mara moja tu. Juu ya nini?"

Swali hilo niliulizwa Jumamosi moja huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kwenye mchezo wetu wa kuigiza wahusika, dadu zikiwa bado mezani, na kijana ambaye miezi miwili nyuma hakuna aliyefurahia mchezo kumzidi. Mhusika wake alikuwa wa klasi mbili, klasi ikiwa ni fani ya mhusika: ngazi tatu za mpiganaji, ngazi mbili za msomi wa sihiri. Wenzake walikuwa na dawa tayari: kuchanganya klasi kupigwe marufuku, basi. Nimeisikia dawa hiyo mara nyingi, na karibu kila mara ugonjwa ulikuwa kwingine.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza Dungeons & Dragons, toleo la tano. Nafuata kanuni za 2014, ambazo ndizo tunazochezea, na pale ambapo zile za 2024 zimebadilika nitasema. Katika kitabu cha 2014 kuchanganya klasi ni kanuni ya hiari, kwa hiyo kiongozi ana haki ya kukataa tangu mwanzo. Asiye na kitabu atazipata kanuni za msingi bure: tangu Januari 2023 zimetolewa kwa leseni ya Creative Commons, na toleo la Kifaransa lipo. Sura ya kuchanganya klasi imo ndani pamoja na jedwali lake.

Niseme pia kuhusu maneno tunayotumia. Hapa kwetu neno mulozi, yaani mchawi, si la kuchezea. Watu wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo, na watoto wadogo wamo. Kwa hiyo mezani hatusemi mchawi. Anayejifunza vitabuni ni msomi wa sihiri, aliyezaliwa na sihiri damuni ni mrithi, na aliyeipata kwa kupatana na kiumbe chenye nguvu kumzidi ni mwenye agano. Mama mwenye nyumba hutusikia kutoka uani, na tunataka asikie kile tunachomaanisha.

Neno la pili limetuokolea saa nyingi. Kifaransa kinasema niveau kwa kila kitu: niveau ya mhusika, ya klasi, ya sihiri yenyewe. Sisi tunagawa. Mhusika na klasi vina ngazi. Sihiri ina daraja. Mtu akisema "nina tatu", anaulizwa: ngazi au daraja? Nusu ya fujo nitakazozieleza hapa chini ilianzia kwenye neno hilo moja.

Dalili: mhusika alikuwa imara, ghafla amekuwa mzigo

Ndiyo hali ya yule kijana. Angalia kwanza ngazi ya jumla ya kundi. Kama ni ya 5 au ya 6, chanzo karibu hakika ni shimo la ngazi ya tano.

Ngazi ya 5 ya klasi ni kizingiti. Hapo mpiganaji, barbari, paladini (shujaa wa kiapo kitakatifu), mwindaji na mtawa wanapata shambulio la pili katika zamu moja. Hapo hapo msomi wa sihiri anafungua daraja la tatu, na mpira wa moto uko humo. Lakini ngazi inayohesabiwa ni ya klasi yenyewe, si ya mhusika mzima. Mwenye 3 na 2 ana jumla ya 5 na hana hata kimoja.

Piga hesabu mbele ya wachezaji, maana malalamiko hupoa watu wakiona namba. Mpiganaji kamili wa ngazi ya 5 ameshaongeza Nguvu zake hadi 18 alipofika ngazi ya 4. Upanga wake mkubwa ni dadu mbili za pande sita na nyongeza ya 4, wastani 11, mara mbili: 22 kwa zamu akipata zote. Msomi kamili anarusha mpira wa moto, dadu nane za pande sita, wastani 28 kwa kila adui aliye ndani ya mduara, nusu kwa anayejiokoa kwa kurusha dadu. Kijana wetu hakuwahi kufika ngazi ya 4 ya klasi yoyote, kwa hiyo Nguvu zake zilibaki 16, yaani nyongeza ya 3. Anapiga mara moja, wastani 10. Ana nafasi tatu za sihiri za daraja la kwanza, kila nafasi ikiwa ni kutumia sihiri mara moja kabla ya kulala. Malalamiko yake yalikuwa ya haki kabisa.

Dawa ya kwanza ni ushauri, nao unatolewa kabla: klasi ya kwanza ipelekwe hadi ngazi ya 5, kisha ndipo uchepuke. Anayetaka kuchepuka mapema achepuke kwa ngazi moja tu, akijua atafika kizingitini kikao au vikao kadhaa baada ya wenzake. Dawa ya pili ni kwa aliyekwisha kutumbukia: mruhusu apange ngazi zake upya, mara moja, bila adhabu. Tulimruhusu. Akawa mpiganaji 5, na ngazi ya 6 akarudi kwenye vitabu. Hakuna hadithi iliyoharibika.

Ya tatu ni sheria ya meza, na hapo nashauri polepole. Ongezeko la uwezo, lile la kuongeza 2 kwenye sifa moja au 1 kwenye sifa mbili, linakuja ngazi ya 4, 8, 12, 16 na 19 ya klasi. Mwenye 3 na 3 ana jumla ya 6 na hajapata lolote, huku mpiganaji wa 6 ana mawili, maana klasi yake inapewa jingine la ziada ngazi ya 6. Tulijaribu kuyatoa yote kwa ngazi ya jumla. Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa na ngazi moja ya klasi ya kando, kwa sababu haikumgharimu kitu. Sasa tunatoa la kwanza tu kwa jumla ya 4. Mengine yanafuata klasi, na akifika ngazi ya 4 ya klasi yake baadaye hapewi lile la kwanza tena. Imetosha.

Dalili: mmoja anamaliza pambano, wengine wanaangalia

Mara nyingi ni paladini aliyechanganywa na mrithi wa sihiri au na mwenye agano. Kabla ya kumgusa, jibu swali hili kwa ukweli: kati ya kulala na kulala, kundi lako linapigana mara ngapi?

Kitabu cha kiongozi cha 2014 kimepima siku ya safari kwa mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu. Sisi tulikuwa na moja. Sababu haikuwa ya mchezo hata kidogo: tunaanza saa nane mchana, umeme ukikatika jioni tunafunga, na nilikuwa na tabia ya kufunga kikao kwa kusema "mnalala, mnaamka wazima". Kwa hiyo kila Jumamosi kila mtu alianza akiwa amejaa, na pambano moja likabeba silaha za siku nzima.

Katika siku kama hiyo, anayeshinda ni mwenye nafasi nyingi za kutumia kwa pupa. Paladini akipiga anaweza kuchoma nafasi ya sihiri kuongeza pigo takatifu: dadu mbili za pande nane kwa daraja la kwanza, na moja zaidi kwa kila daraja linalopanda, hadi tano. Paladini kamili wa ngazi ya 6 ana nafasi nne za daraja la kwanza na mbili za pili. Jumla dadu 14. Sasa mchukue paladini 2 na mrithi 4: nafasi nne, tatu na mbili, jumla dadu 25. Zigawe katika mapambano sita na utaona tofauti inayeyuka, tena yule paladini kamili ana mashambulio mawili na baraka inayowalinda wenzake wanapojiokoa. Zimwage zote katika pambano moja na hakuna anayeweza kumfuata.

Kwa hiyo dawa yetu haikumgusa paladini. Tulitenganisha kikao na siku. Umeme ukikatika katikati ya pango, kila mtu anaandika kwenye karatasi yake nafasi alizotumia na uhai uliobaki, karatasi zinaingia kwenye bahasha, na Jumamosi inayofuata tunaendelea pale pale, wakiwa wamechoka vile vile. Vikao vitatu baadaye paladini mwenyewe alianza kubana nafasi zake. Msomi wa kundi, aliyekuwa kimya, akarudi kuwa mtu wa kutegemewa.

Kama umefanya hivyo na bado mmoja anawafunika wengine, basi weka sheria: pigo takatifu moja kwa zamu. Kanuni za 2024 zimefanya karibu hilo hilo, maana huko pigo limekuwa sihiri inayotumia tendo la ziada, na tendo la ziada ni moja tu kwa zamu. Unayechezea 2024 huna haja ya kuongeza kitu.

Dalili: hakuna anayejua ana nafasi ngapi

Hapa jedwali limesomwa vibaya. Utaratibu ni huu. Ngazi za malenga, kuhani, druidi (mtu wa sihiri ya maumbile), mrithi na msomi zinajumlishwa zote. Za paladini na mwindaji zinagawanywa kwa mbili, ukiacha sehemu inayobaki (2024 wanaipandisha juu). Mpiganaji na mjanja wa tawi la sihiri wanagawanya kwa tatu. Jumla hiyo inakupeleka kwenye mstari wa jedwali. Mwenye agano hayumo kabisa: nafasi zake zinakaa pembeni na zinarudi kwa pumziko fupi, ingawa anaweza kuzitumia kwa sihiri za klasi yake nyingine.

Kosa linaloumiza zaidi ni hili. Kuhani 3 na msomi 3 ni jumla ya 6, kwa hiyo ana nafasi nne za daraja la kwanza, tatu za pili, tatu za tatu. Anaona daraja la tatu, anaandika mpira wa moto. Hapana. Sihiri anazojua au kuandaa zinahesabiwa kama vile kila klasi ingekuwa peke yake, na msomi wa ngazi ya 3 anaishia daraja la pili. Ile nafasi ya daraja la tatu ni chungu kikubwa tu: anaweza kupikia sihiri ndogo iwe na nguvu zaidi, lakini chakula chenyewe hajajifunza. Tangu tuanze kusema ngazi na daraja, kosa hili halijarudi mezani kwetu.

Dalili: mrithi mwenye agano hataki kulala

Mchezaji wa namna hii amesoma sana, na hajavunja kanuni. Mrithi anaweza kugeuza nafasi ya sihiri kuwa pointi, na pointi kuwa nafasi. Nafasi alizotengeneza hupotea akilala usingizi kamili. Mwenye agano naye anarudishiwa nafasi zake kila pumziko fupi la saa moja. Unganisha hayo: apumzike saa, ageuze nafasi za agano kuwa pointi, atengeneze nafasi mpya, apumzike tena, usiku kucha, na asilale kamwe ili zisipotee.

Kuna dawa mbili. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kilileta kanuni ya hiari: kila saa 24 bila pumziko refu (ule usingizi kamili), mhusika anarusha dadu ya Ustahimilivu dhidi ya 10 au apate uchovu, na ile namba inapanda kwa 5 kila siku inayofuata. Ni nzuri, na inawahusu wote. Sisi tulichagua fupi zaidi: nafasi za agano hazigeuki pointi. Mchezaji wetu alikubali bila kinyongo kwa sababu tulimweleza peke yake, kabla ya kikao, tukamwachia kila kitu kingine alichojenga. Angeambiwa mbele ya watu, katikati ya pambano, angekuwa amepoteza uso, na sidhani angerudi.

Dalili: kinga iko juu mno

Angalia mambo mawili upesi. Barbari na mtawa kila mmoja ana namna yake ya kujilinda bila deraya. Aliyeipata kwa klasi moja haipati tena kwa nyingine, na wala hajumlishi. Pili, mpangilio wa klasi una maana. Aliyeanza kama mpiganaji ana deraya nzito na kujiokoa kwa Ustahimilivu, jambo linalomsaidia msomi kushika umakini unaoendeleza sihiri yake akipigwa. Anayeingia mpiganaji baadaye anapata deraya nyepesi na ya kati na ngao, si nzito, na hapati kujiokoa kupya. Karatasi nyingi zimejazwa kana kwamba kila klasi ni ya kwanza. Uhai pia: dadu kamili ni kwa ngazi ya kwanza kabisa ya mhusika, mara moja tu.

Dalili: "haiingii kwenye hadithi"

Huyu jana alikuwa barbari wa milimani, leo asubuhi ameamka ni kuhani. Wachezaji wanacheka kidogo, kisha wanaacha kuamini, na mimi hili linaniuma kuliko namba zote za juu.

Watu wengine hutibu kwa kubana sharti la sifa. Kanuni inadai 13 katika sifa kuu ya klasi unayotoka na ya ile unayoingia. Paladini anadai Nguvu 13 na Haiba 13, mtawa Wepesi 13 na Hekima 13. Kupandisha hadi 15 hakuleti hadithi. Kunawabagua tu waliorusha dadu vibaya siku ya kwanza. Wengine wanataka kuliondoa sharti kabisa, na hapo nawaonya. Kwa michanganyiko mingi hakuna kitakachovunjika. Lakini kuna tawi moja la mwenye agano katika kile kitabu cha 2017 linalopiga upanga kwa Haiba badala ya Nguvu. Ukiondoa sharti, paladini aliyechanganya na tawi hilo anaacha Nguvu 8, na gharama pekee aliyokuwa anailipa imetoweka.

Kuna pia wanaokumbuka toleo la tatu la mwaka 2000, ambamo klasi zikipishana kwa zaidi ya ngazi moja mhusika mara nyingi alikatwa asilimia 20 ya alama za uzoefu alizopata, zile zinazopandisha ngazi. Tafadhali, msirudishe hiyo. Inamwacha mtu nyuma ya marafiki zake, na kinachokosekana, yaani hadithi, bado hakijaja.

Sisi tunamtafuta mwalimu. Katika mji huu hakuna anayeamka fundi. Kijana wa kuchomelea vyuma Katuba ameshikilia tochi ya bwana wake miezi kabla ya kuwasha ya kwake, na amelipa kwa pesa au kwa jasho. Ndivyo tunavyocheza. Katika ulimwengu wetu wa mchezo hazina haihesabiwi kwa dhahabu bali kwa misalaba ya shaba, kama ile iliyokuwa fedha ya kweli katika nchi hii zamani. Anayetaka klasi ya pili anatangaza ngazi moja kabla, anamtafuta wa kumfundisha, analipa msalaba au anatumwa kazi. Kazi hiyo inakuwa kikao cha wote. Barbari wetu alibeba mawe ya hekalu siku tatu za mchezo kabla ya kuhani mzee kumwekea mkono kichwani, na siku alipotibu jeraha la kwanza, meza nzima ilinyamaza.

Jambo moja la kuangalia: mwalimu asiwe kizuizi. Kundi likiwa limekwama chini ya ardhi ngazi ikapanda, mpe ngazi yake, mwalimu mtamtafuta mkitoka.

Dalili: zamu yake haiishi

Mpe kadi ya karatasi ngumu, upande mmoja tu, aandike tendo, tendo la ziada na jibu la ghafla. Kisichoingia kwenye kadi, hatakikumbuka pambanoni. Kumbuka pia kwamba barbari aliye ndani ya hasira hawezi kutumia sihiri wala kushika umakini. Nimeona dakika kumi zikipotea kwa mtu anayetafuta sihiri ambayo hakuruhusiwa kuitumia.

Dalili: hakuna anayechanganya tena

Hii haina kelele, ndiyo maana ilinichukua muda kuiona. Karatasi yetu ya sheria za meza ilikuwa imefika kumi na moja. Wachezaji wapya waliisoma, wakachagua klasi moja, wakanyamaza. Nilifikiri wameridhika.

Tuliichukua karatasi tukauliza kwa kila mstari: uliandikwa kwa sababu ya tukio gani? Mistari saba haikuwa na tukio. Ilikuwa hofu ya jambo ambalo mtu alilisoma mahali, na mezani kwetu halijatokea. Tukaifuta. Iliyobaki tukaipa muda wa majaribio wa vikao vitatu kila tunapoibadilisha, na haimgusi aliyekwisha kujenga mhusika wake kwa sheria ya zamani, isipokuwa yeye mwenyewe akubali.

Mwezi uliofuata, dada anayecheza druidi aliinua mkono akauliza kama anaweza kuchukua ngazi moja ya mtawa. Wepesi 14, Hekima 16. Tukamtafutia mwalimu kikao hicho hicho.